Picha ya simu haipimi mzigo

Katika soko la Kalerwe, kaskazini mwa jiji la Kampala, mzigo siku hizi huuzwa mara mbili. Mara ya kwanza huuzwa kwenye simu, kwa picha inayotumwa WhatsApp kwa mnunuzi aliye Juba, Busia au Kigali. Mara ya pili huuzwa kwenye lori, pale mnunuzi anapofungua boksi na kuona alichonunua. Ugomvi huzaliwa hapo katikati. Mnunuzi husema, "Hizi si nyanya ulizonionyesha." Muuzaji huapa kwamba ni zile zile. Mara nyingi wote wawili husema kweli.

Hoja yangu ni kwamba picha ya simu inafaa kutangaza mali, lakini haifai kuamua ubora wake wala bei yake ya mwisho. Ushahidi wa jambo hili kila mfanyabiashara anao mkononi: ni ule muda mfupi ambao simu husita baada ya kupiga picha.

Jaribu leo. Bonyeza kitufe, kisha fungua picha haraka. Katika simu nyingi utaiona kwanza ikiwa na ukungu au rangi iliyofifia, pengine na kaduara kanakozunguka, halafu ghafla inang'aa na kukaa sawa. Wengi hudhani simu imejaa au imechoka. Ni kweli kwamba simu ya bei nafuu, yenye prosesa dhaifu, huchelewa zaidi. Lakini hata simu ya mamilioni ya shilingi husita, kwa sababu kuna kazi inafanyika ndani yake.

Kamera ya simu ni ndogo sana. Kihisi chake, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, kinaweza kuwa kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Zaidi ya hapo, vidoa vyake havioni rangi. Kila kidoa hufunikwa kwa kichujio cha nyekundu, kijani au buluu, mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak katika miaka ya 1970. Hivyo kila kidoa hupima rangi moja tu, na rangi mbili zilizobaki simu huzikadiria kwa kuangalia vidoa vya jirani. Kabla hata hujaongeza urembo wowote, theluthi mbili ya rangi unazoziona ni hesabu.

Kisha huja kazi ya kuunganisha. Kwa kuwa kihisi kidogo hupata mwanga haba, simu za sasa hupiga picha kadhaa mfululizo, huzipanga moja juu ya nyingine na kuchukua sehemu nzuri ya kila moja. Apple ilipozindua iPhone 11 mwaka 2019 ilieleza mbinu yake bila kuficha: picha tisa huunganishwa kuwa moja, na nane kati ya hizo hupigwa kabla mtu hajabonyeza kitufe. Gizani simu huweza kukusanya mwanga kwa sekunde kadhaa, ndiyo maana inakuomba usitikise mkono. Baada ya hapo husawazisha rangi, hufuta chembechembe, hunoa kingo na kubana faili. Tunaposubiri, tunasubiri mambo hayo yote yaishe.

Na hesabu hizo zina mwelekeo. Zimeandikwa na watu walioamua picha nzuri ionekane vipi. Kampuni ya Transsion ya Shenzhen, inayotengeneza Tecno, Infinix na itel, ilijijengea jina Afrika kwa sababu moja kubwa: kamera zake zilirekebishwa ili ngozi nyeusi itoke vizuri. Hilo ni jambo jema, na lilistahili kufanywa mapema zaidi na kila kampuni. Lakini linatufundisha kwamba kamera ya simu huchagua. Kama inaweza kuchagua jinsi uso wako uonekane, inaweza kuchagua pia jinsi nyanya yako ionekane.

Sasa turudi Kalerwe. Biashara ya jumla huchangamka kabla ya alfajiri, chini ya balbu na tochi. Kukipambazuka, mwanga hupita kwenye turubai la buluu au mwavuli mwekundu ulio juu ya meza. Simu haijui kama wekundu inaouona ni wa nyanya au ni wa mwavuli, kwa hiyo hukisia. Ikikisia vibaya, nyanya iliyoanza tu kuiva hutoka imeiva kabisa, au iliyoiva vizuri huonekana imepauka. Kwa anayenunua mzigo wa kusafiri siku mbili, tofauti hiyo ndiyo faida au hasara yake.

Gizani hali huwa mbaya zaidi. Ili kuondoa chembechembe, simu hulainisha picha, na inapolainisha huweza kufuta vitu vidogo. Matundu madogo ya yule mdudu ambaye wenzetu wa Tanzania humwita kantangaze, weusi wa ukungu kwenye shingo ya kitunguu na michubuko inayoanza ni vitu vidogo. Hivyo ndivyo mnunuzi makini anavyovitafuta, na hivyo ndivyo programu ya simu huweza kuviona kama uchafu wa kuondoa.

Halafu picha huingia WhatsApp, ambako hubanwa tena ili isile bando. Inayofika Juba ni nakala nyepesi ya picha iliyopikwa, na mnunuzi huiangalia kwenye kioo kingine chenye rangi zake. Ndiyo maana nasema muuzaji na mnunuzi wanaweza wote kuwa waaminifu na bado wakagombana.

Yapo pia mambo ambayo kamera haiyaoni hata kidogo. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na malori yakakwama mipakani hadi masharti mapya yalipotolewa siku chache baadaye. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5 na sumukuvu isizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Hakuna picha inayoonyesha lolote kati ya hayo. Gunia linaweza kupendeza kwenye simu na likarudishwa mpakani.

Najua jibu la wengi: bila picha tutafanyaje biashara? Mama mwenye mtaji mdogo hawezi kupanda basi kila mara kwenda kukagua boksi ishirini. Nakubaliana nao. Simu imewafungulia soko watu ambao zamani walitegemea madalali watupu, na mara nyingi picha iliyochakatwa hukaribia zaidi kile ambacho jicho huona kuliko picha ghafi. Siombi mtu aache kupiga picha. Naomba tujue picha inaweza kubeba nini, kisha tuibebeshe hicho tu.

Kwa muuzaji, mambo machache yanasaidia sana. Toa sampuli nje ya turubai, kwenye mwanga wa mchana usio na jua kali. Weka karatasi nyeupe kando ya mali. Mnunuzi akiona karatasi imegeuka njano au buluu, atajua kuwa na rangi ya mali imepotoka. Zima vichujio vya urembo na vya kukoleza rangi. Tumia kamera yenyewe ya simu, kwa sababu kamera iliyo ndani ya WhatsApp mara nyingi haipati uchakataji ule ule. Subiri picha ikamilike kabla ya kuituma, na itume kama dokumenti ili isibanwe. Piga ya juu ya boksi na ya chini ya boksi. Ongeza video fupi ya mtu akikata nyanya mbili.

Kwa mnunuzi, kanuni ni moja: usilipe pesa zote kwa picha. Tuma malipo ya kwanza, na mwandikiane kwenye ujumbe kabla lori halijapakiwa mambo manne: uzito, daraja, kiasi cha mali mbovu kinachovumilika, na mahali ambapo mzigo utakaguliwa. Ujumbe huo wa mistari minne utawasaidia zaidi kuliko picha hamsini siku mtakapotofautiana.

Viongozi wetu nao wana sehemu yao. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina viwango vya pamoja vya mazao, na ina utaratibu uliorahisishwa wa forodha kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani. Lakini viwango hivyo hukaa kwenye makabati ya ofisi, katika Kiingereza ambacho wachuuzi wengi hawakisomi. Mahindi, kwa mfano, yana madaraja matatu yanayotambulika katika nchi wanachama. Ni wafanyabiashara wangapi wadogo wanaouza kwa kutaja daraja? Wengi husema "safi", "ya kati" na "ile nyingine", kila mmoja kwa maana yake. Ofisi za mipakani na vyama vya wafanyabiashara vingefanya jambo kubwa kwa kuchapisha madaraja hayo kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja kwa kila zao, ili aliye Kalerwe na aliye Nimule waseme neno moja na kumaanisha kitu kimoja.

Hadi hapo tutaendelea kubishana juu ya picha, kila mmoja akiwa ameshika simu yake. Kampuni za simu zitaongeza uwezo, na kile kisitasita kitazidi kuwa kifupi hadi tusikione tena. Hesabu zitakuwa zinaendelea ndani, nyingi zaidi kuliko leo. Ni vizuri tukubaliane sasa namna ya kununua na kuuza, wakati simu bado inatukumbusha kwamba ina kazi inayofanya.