Freni ya mkono ikikamatwa na kutu

Wiki hii tunaongea juu ya gari. Jipu nyingi za zamani zinazotuletea unga na ndizi kwenye soko hazisimami zenyewe kwenye mteremko. Kijana anaruka chini na jiwe mkononi, analisukuma nyuma ya gurudumu. Tumezoea, hata hatuulizi tena. Lakini watoto wetu wanapita nyuma ya gari hiyo, na jiwe linateleza kwenye matope.

Tuchukue Land Cruiser HZJ75 yenye ngoma za freni nyuma. Ukivuta mkono wa freni, kamba ya chuma inapita chini ya gari mpaka kwenye magurudumu ya nyuma. Pale, kwa kila gurudumu, kuna kichuma kinachozunguka kwenye pini, na pini inafunikwa na kipira. Kipira kikipasuka, maji na matope vinaingia, kutu inakamata pini, kichuma hakizunguki tena. Mkono wa freni unakuwa mgumu na gari haishikwi; ao freni inakataa kurudi, gurudumu linapata moto mpaka linanuka.

Wengi wanakimbilia kukaza kamba. Sisi hatukubali kazi hiyo, hata kama bei ni ndogo: pini inabaki imekamatwa, na kamba inachoka mpaka ikatike. Fundi aondoe ngoma, atoe kichuma, alowanishe pini kwa mafuta mpaka itoke, aisugue kwa brosi ya chuma, apake grisi, aweke kipira kipya. Grisi isiguse kabisa sehemu inayosugua ngoma. Kamba ikiwa na nyuzi zilizokatika, inabadilishwa. Halafu freni zinasogezwa kwanza karibu na ngoma, na kamba inakazwa mwisho.

Kwenye BJ40 nyingi na Land Rover za zamani ngoma hiyo iko katikati ya gari, inashika shafti inayoenda nyuma. Huko tatizo mara nyingi ni mafuta yanayovuja kutoka kwenye boati ya vitesi.

Kazi ikiendelea, watoto wakae mbali. Vumbi la freni za zamani linaweza kuwa na amianti, ambayo inaharibu mapafu. Lisipulizwe kwa mdomo, lipanguswe kwa kitambaa chenye maji. Na gari isishikwe na kriki peke yake wakati mtu yuko chini.

Kabla ya kulipa, muombe gari ipandishwe kwenye mteremko mdogo, mbao zikiwa karibu na magurudumu lakini bila kuyagusa, vitesi ikiwa imetolewa. Ishikwe ikielekea juu, kisha ikielekea chini. Halafu muulize kipira cha zamani kiko wapi. Fundi aliyekibadilisha atakuwa nacho kwenye mfuko ao chini ya meza.