Kofia ngumu isigeuke faini

Simama kando ya barabara ya taifa namba 4 pale Bafwasende alfajiri, utamwona mchuuzi akija. Bidoni za mafuta ya mawese zimekazwa kwa kamba za mpira, fimbo moja imefungwa kwenye usukani aongozee, nyingine imesimamishwa nyuma ya kiti asukumie. Hapandi baiskeli yake, anatembea nayo. Kisangani iko zaidi ya kilomita 250 mbele. Siku kofia ngumu ikiwa lazima kwa kila mwenye baiskeli, wa kwanza kutozwa faini atakuwa huyu.

Kofia yenyewe hatuipingi. Inaokoa vichwa, na madaktari wamelithibitisha hilo mara nyingi. Mteremko wa udongo mwekundu baada ya mvua, breki ni soli ya kandambili inayokandamizwa kwenye tairi: hapo tungetamani kila mtu awe ameivaa, kwanza kabisa mtoto aliyepakiwa nyuma.

Tunachokataa ni kulazimisha. Jimbo la Victoria, Australia, lilitangulia Julai 1990. Waliohesabu baiskeli Melbourne kabla na baada ya hapo waliona vijana wengi wameziacha. Mexico City iliifuta sheria yake mwaka 2010. Na huko kofia za baiskeli zinauzwa madukani. Kwetu utakayoipata kirahisi ni ya pikipiki, nzito, inayoziba masikio. Nani atasukuma mzigo saa saba mchana akiwa nayo kichwani? Na abiria wa toleka, zile baiskeli zilizoibeba Kisangani miaka ya vita petroli ilipoadimika, atavaa ya nani? Kofia moja ya tolekisti ipite kwenye vichwa kumi kwa siku, na jasho lake?

Kisha kuna vizuizi vya barabarani. Anayesafiri barabara hii anajua kwamba kila kitu kipya cha kuulizwa ni noti nyingine ya kutoa. Mchuuzi atalipa, atapita, na kichwa chake kitabaki wazi vilevile.

Tunaiomba serikali ya jimbo letu la Tshopo ianze kwa malori yanayokimbia usiku bila taa. Iondoe ushuru kwenye kofia nyepesi, breki na taa za baiskeli, zifike hadi soko la Bafwasende. Na mchuuzi apewe kipande cha kiakisi abandike nyuma ya bidoni, dereva amwone akiwa bado mbali.