Msimsingizie Lucas

Kuna utani ambao wenye magari ya zamani hawachoki nao: ati Lucas, kampuni ya Birmingham iliyotengeneza vifaa vya umeme vya magari mengi ya Kiingereza, ndiye Mfalme wa Giza. Land Rover ikizima taa usiku barabara ya Narok, mwenyewe anacheka, anatoa tochi, anamlaumu Mwingereza aliyekufa kitambo. Mimi sicheki tena. Waya uliofungwa 1965 na bado unawasha taa umeshafanya kazi yake. Mshtakiwa wetu yuko hapa hapa, na ana tepu nyeusi mkononi.

Chukua Series IIA, iliyotengenezwa kati ya 1961 na 1971. Bodi yake ni aloi ya alumini, chesisi ni chuma. Umeme hutoka kwenye betri kwa waya, lakini hurudi kwa kupitia bodi na chesisi. Pale alumini inapogusana na chuma, tia matope, tia unyevu, tia miaka 50. Panaota unga mweupe na kutu, na njia ya kurudi inabanwa. Taa kubwa mbili zinakula kama ampea 8. Zikizuiwa na robo tu ya omu, karibu volti 2 zinapotea njiani na wewe unabaki na kibatari. Dawa yake ni kukwangua pale penye bolti, kukaza, kupaka grisi. Basi. Lakini utasikia nini gereji? "Wiring ya hii gari imekufa, mzee. Tuvute laini mpya." Na inavutwa kweli, moja kwa moja kutoka betri, waya mwekundu mwanzo hadi mwisho kwa sababu ndio uliokuwepo dukani. Taa zinapata nafuu kidogo, fundi analipwa. Ule unga mweupe hakuugusa.

Waya za Lucas zina rangi kwa sababu. Kahawia ni moto wa betri muda wote. Nyeupe ni baada ya swichi ya ufunguo, kijani ni baada ya fyuzi, buluu ni taa kubwa, nyeusi ni ya kurudi. Fundi yeyote anaweza kuja miaka 30 baadaye akasoma gari kama barua. Ukijaza nyekundu kila mahali umeichana hiyo barua. Halafu kuna zile IIA za mwanzo ambazo chanya ya betri ndiyo imefungwa kwenye bodi, si hasi. Nani anauliza? Redio ya kisasa inafungwa kwa mazoea, moshi unatoka, Lucas anatukanwa.

Na fyuzi ikikatika? Karatasi ya sigara! Waya uliochunika kwenye ukingo wa bati hautakatiwa umeme na karatasi ya sigara. Utapata moto mpaka uyeyuke. Kwenye Land Rover ile fupi, tangi la petroli liko chini ya kiti cha mbele. Umelikalia, bana.

Sisemi tuabudu uasilia. Wapo wale wa maonyesho, shati limepigwa pasi, wanaotaka kila skrubu ibaki kama ilivyotoka Solihull. Hao nao wanakosea. IIA ilitoka na fyuzi mbili tu, na taa kubwa hazikupita kwenye hata moja. Ongeza fyuzi. Ongeza rilei. Zifiche ukiona haya.

Nawe mwenye gari, usijifiche nyuma ya fundi. Rangi unalipia bila kupepesa macho kwa sababu jirani ataiona. Waya uko nyuma ya dashibodi, kwa hivyo unataka kulipa pesa ya soda na jioni uondoke na gari. Kufuata waya mmoja baada ya mwingine, multimita mkononi, mgongo umepinda chini ya usukani, ni kazi ya siku kadhaa. Anayelipwa kwa taa kuwaka atawasha taa, na hapo nitamlaumu vipi?

Mlipe siku hizo. Na kama duka zote za Kirinyaga Road hazina waya wa kahawia, abandike kipande cha karatasi chenye namba kwenye kila ncha, aandike kwenye daftari namba ipi inaenda wapi, na hilo daftari libaki ndani ya gari.