Kukesha Si Bidii, Acheni Kutuuzia Macho Mekundu

Wasee, leo naanza kwa kuungama. Miaka miwili iliyopita nilipakia video nikiwa mbele ya laptopu saa tisa usiku, macho mekundu, kikombe cha kahawa mkononi. Nikasema: "Wewe lala. Sisi tunajenga." Ile video ilienda, manze. Ilisheawa mpaka ikafika kwenye grupu ya WhatsApp ya chama cha Mama. Hakuna kitu kingine nilichowahi kufanya ambacho kimeniletea wafuasi wengi kama kile.

Wiki iliyopita nimeifuta. Hakuna aliyenilazimisha.

Ukweli ambao sikuwaambia ni huu: usiku ule sikuwa najenga chochote. Kazi nilikuwa nimemaliza saa sita. Nilikuwa nimejaribu kulala nikashindwa, nikahesabu mabati ya paa nikachoka, nikaamka, nikawasha taa na kujirekodi. Nilichukua ugonjwa nikaupaka rangi ya bidii, na nyinyi mkanipigia makofi.

Kwa hivyo ninapowashambulia hawa wahubiri wa "usingizi ni wa waliotosheka", jueni najishambulia mwenyewe kwanza.

Hebu tuelewane. Kuna watu wawili ambao tunawachanganya kila siku. Wa kwanza ana usingizi lakini hana muda wa kulala: mlinzi wa getini, nesi wa zamu, jamaa wa boda anayefanya mchana kwa ajili ya deni la pikipiki na usiku kwa ajili ya tumbo. Wa pili ana muda, ana kitanda, taa imezimwa, na usingizi haumjii. Huyu wa pili, ikiwa inamtokea angalau usiku 3 kwa wiki, kwa muda wa miezi 3 au zaidi, na mchana wake unaharibika kwa sababu hiyo, madaktari wana jina la hali yake: insomnia sugu. Ni ugonjwa, una vigezo vyake na una matibabu.

Kitu ambacho wahubiri wa kukesha hawawaambii ni kwamba mtu wa kwanza anaweza kugeuka kuwa wa pili. Mimi ndivyo nilivyoingia. Nilikuwa nafanya kazi ya mtandaoni ya kuandika sauti zilizorekodiwa, na wateja wako Marekani. Wao wakifika ofisini asubuhi, huku kwetu ni jioni. Nikafanya hivyo mwaka mzima, nalala alfajiri wakati makanga wanaanza kupiga kelele stejini. Nilipoacha ile kazi nilidhani usingizi utarudi wenyewe kama mgeni aliyesahau mwavuli. Haukurudi. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa nne.

Sasa niwaambie maisha yalikuwa vipi, kwa sababu watu wanafikiri asiyelala anapata saa nyingi za kufanya mambo. Unapata saa nyingi za kutofanya kitu. Nilipitishwa steji yangu mara nyingi mpaka makanga mmoja akawa ananiamsha bila kuulizwa. Nilituma elfu mbili mia tano kwa nambari ambayo si ya landilodi. Nilikaa kwenye usaili wa kazi, nikaulizwa swali, na katikati ya jibu nikasahau swali lilikuwa nini. Na jioni moja Mama alinipigia simu akaniuliza tu kama nimekula. Nikamkaripia. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sawa baba, pumzika." Hicho ndicho kitu ambacho kinaniuma mpaka leo. Pesa ya landilodi ilirudishwa.

Na kila mtu alikuwa na ushauri. Wa kwanza ulikuwa huu: "Ukichoka utalala." Ati mtu wa mjengo hana insomnia, hizi ni shida za watu wa Kilimani wenye mapazia mazito. Huu ni uongo, na ni uongo wa dharau, kwa sababu unamwambia asiyelala kwamba hajafanya kazi ya kutosha. Nilibeba mitungi ya maji orofa nne. Nilikimbia asubuhi. Nilichoka mpaka mifupa. Uchovu na usingizi ni vitu viwili! Mtu anaweza kuwa hoi kabisa, viungo vyote vimelala, na kichwa kiko macho kama mbwa wa jirani. Kama unaamini mtu wa mjengo analala, muulize. Wengi hawasemi kwa sababu hakuna anayeuliza.

Wa pili ulitoka kemisti. Niliingia nikamwambia daktari wa pale kwamba silali, na kabla sijamaliza sentensi nikapewa tembe za mzio, zile ambazo tunameza tukiwa na mafua. Zinaleta usingizi mwanzoni, ni kweli. Lakini kazi yake si hiyo, mwili unazizoea haraka, na asubuhi unaamka kichwa kimejaa pamba. Mtaani kuna hata anayeweza kukuuzia dawa kali za usingizi bila cheti cha daktari, ingawa zinahitaji cheti. Hizo zina mahali pake, kwa muda mfupi, chini ya macho ya daktari. Zikitumiwa ovyo, unaweza kujikuta na mateso mawili: hulali, na huwezi kuziacha. Na wale wa "piga mbili tatu ulale", pombe inakuangusha haraka halafu inakuamsha katikati ya usiku ukiwa na kiu na majuto.

Wa tatu ni ule wa "una kitu moyoni, omba." Mimi naomba. Lakini mtu akivunjika mguu tunamwombea huku tukimpeleka hospitali. Kwa nini wa usingizi anaombewa tu?

Acha sasa niwape kitu ambacho kingeniokolea mwaka mzima kama mtu angenieleza. Kilicholeta kukosa usingizi na kinachokufanya uendelee kukosa si lazima viwe kitu kimoja. Kwangu kilicholeta ni kazi ya usiku. Kilichobaki ni yale niliyokuwa nafanya ili nijiokoe: kuingia kitandani saa mbili usiku ili "nifidie", kulala mchana, kunywa chai ya rangi jioni ili nimalize siku, kuangalia saa kila baada ya dakika kumi na kupiga hesabu ya saa zilizobaki. Kitanda kikawa mahali pa kupigania usingizi. Mwili ukajifunza kwamba kitanda maana yake ni vita.

Hiyo chai nayo msiichekee. Kafeini inachukua takriban saa 5 kwa nusu yake kutoka mwilini, na watu hutofautiana. Kikombe cha saa kumi na moja jioni, saa nne usiku nusu yake bado iko kazini. Na sijagusa muguka.

Matibabu ambayo madaktari wanayaweka mbele si tembe. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani Marekani, American College of Physicians, kilipendekeza kwamba watu wazima wenye insomnia sugu waanze na tiba ya kubadili mienendo na mawazo kuhusu usingizi. Kwa kifupi tiba hiyo inasema: amka saa ileile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Kitanda ni cha kulala, si cha simu wala cha kupanga bajeti. Usingizi usipokuja, toka kitandani, fanya kitu cha kuchosha akili taratibu, rudi ukisinzia. Na punguza saa za kukaa kitandani zilingane na zile unazolala kweli. Kama unalala saa 5 na nusu, ingia saa sita na nusu usiku na uamke saa kumi na mbili asubuhi. Usingizi ukishikana, ongeza dakika 15, wiki baada ya wiki.

Najua mnachotaka kuuliza, kwa sababu hata mimi niliuliza. "Toka kitandani uende chumba kingine." Chumba gani? Naishi bedsitter. Kutoka kitandani nimeshafika jikoni. Ushauri mwingi wa usingizi umeandikwa kwa watu wenye sebule. Mimi nilitumia kiti cha plastiki kando ya mlango, mgongo umeelekea kitanda, taa ndogo, na kitabu cha zamani cha Jiografia cha Kidato cha Tatu. Ilikuwa inachosha vizuri sana. Wiki mbili za kwanza zilikuwa mbaya kuliko kabla, sitawadanganya. Ya tatu nikaanza kusinzia kwenye kile kiti. Siku hizi napata takriban saa sita, na usiku mbaya bado upo, lakini siuogopi.

Tahadhari: kama unaendesha gari au pikipiki, una kifafa, au una bipola, hiyo sehemu ya kupunguza saa usiifanye peke yako. Kama unakoroma sana na kuamka ukikabwa, au huzuni imekukalia, hiyo ni stori nyingine, mwone daktari. Ninajua kupata mtaalamu si rahisi na ada zake zinauma. Kuna programu ya simu ya bure, Insomnia Coach, iliyotengenezwa na idara ya wanajeshi wastaafu ya Marekani. Iko kwa Kiingereza, lakini inafuata hatua hizi hizi.

Haya, sasa nirudi kwa wenzangu wa kamera.

Mwaka 1997 watafiti wa Australia walipima watu waliokesha. Baada ya saa 17 bila kulala, utendaji wao ulikuwa kama wa mtu mwenye pombe asilimia 0.05 kwenye damu. Baada ya saa 24, kama asilimia 0.10. Piga hesabu. Dereva aliyeamka saa kumi na moja asubuhi, saa nne usiku tayari amefika hizo 17, na bado ana raundi moja. Tuna alcoblow ya mlevi. Aliyekesha hapulizi kitu, anapita kizuizi akipungia mkono askari. Halafu wewe na pete yako ya taa unamwambia dereva huyohuyo kwamba kulala ni uvivu?

Kuna mtu aliniandikia, "Lakini bro, bila kukesha hatungekula." Nakubali. Sijawahi kusema mlinzi aache lindo. Anayekesha kwa sababu watoto wanataka karo simlaumu hata kidogo. Namlaumu anayechukua shida ya huyo mtu na kuiuza kama falsafa, kwa sababu akishaamini kwamba kukesha ni heshima, hatadai zamu yenye akili. Bosi naye anafurahi. Video za kusifu mkesha ni matangazo ya bure kwa waajiri wabaya.

Na sheria zipo. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Inakupa pia likizo ya ugonjwa: ukishafanya miezi miwili mfululizo, unastahili angalau siku 7 kwa malipo kamili na nyingine 7 kwa nusu malipo kwa mwaka, ukileta cheti cha daktari. Mtu akiugua malaria anaenda kuomba hicho cheti bila aibu. Asiyelala miezi minne anaenda kazini akitetemeka, anaharibu kazi, anaitwa mzembe, na anakubali kwamba ni mzembe.

Kelele nazo zina sheria. Kanuni za kelele za 2009 zinaweka desibeli 35 usiku kwenye makazi. Desibeli 35 ni karibu na mnong'ono! Sasa simama nje ya ploti yako Ijumaa saa saba usiku, klabu upande huu na spika za mkesha upande ule, uniambie kama kuna mtu aliyewahi kusoma hizo kanuni. Siilaumu ibada wala starehe. Nasema tu kwamba kuna mtoto wa KCSE, kuna mgonjwa, kuna nesi aliyetoka zamu, na wote wanalipa kodi ya nyumba ambayo usingizi haumo.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Kama wewe ni kreta, acha kurekodi macho yako mekundu kama medali. Kama umeajiri watu, angalia zamu zako kabla hujaandika "awe tayari kufanya kazi chini ya shinikizo". Kama rafiki yako anakwambia halali, usimjibu "punguza simu". Muulize tangu lini, na mchana anaendeleaje.

Na wewe unayesoma hii saa nane usiku, najua uko hapo, nilikuwa hapo. Wewe si mvivu, hujalogwa, na si lazima kitu kikubwa kiwe kimeharibika ndani yako. Una ugonjwa unaotibika. Weka simu mbali, toka kitandani, tafuta kiti.

Mimi namalizia hapa. Ni saa nne na nusu, na Mama nilimpigia mapema leo. Nilikuwa nimekula.