Ujuzi wa Chini ya Ardhi Usiondoke na Kampuni

Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo kilomita 1,147 ziko Tanzania. Kabla ya kufika pwani linakatiza Kilindi, Handeni, Korogwe na Muheza. Tumejadili sana fidia ya mashamba yaliyopitiwa na mkuza, ajira za vijana na hatari kwa mazingira, na mijadala hiyo ni ya haki na iendelee. Ambalo hatujalijadili ni hili: ilijulikanaje kwamba mafuta hayo yako pale? Mwaka 1925 E. J. Wayland, aliyeongoza idara ya jiolojia ya Uganda, alichapisha maelezo ya mafuta yaliyokuwa yakichuruzika kandokando ya Ziwa Albert. Mwaka 1938 kikachimbwa kisima Butiaba, kisha kazi ikalala kwa miongo kadhaa. Mwaka 1983 na 1984 ndege zilipima usumaku wa miamba na kuonyesha mahali penye mabonde yaliyojaa mashapo mazito. Serikali ya Uganda ikasomesha wataalamu wake, mwaka 1991 ikaanzisha idara ya utafutaji wa mafuta pale Entebbe, na mwaka 2006 mafuta yakathibitishwa. Ni miaka 81 tangu maandishi ya Wayland. Kampuni zilikuja na kuondoka. Kilichodumu ni takwimu zilizotunzwa, pamoja na wenyeji waliofundishwa kuzisoma.

Nasema haya kwa sababu hapa kwetu mjiofizikia bado anahesabika kuwa mtu wa kampuni. Kazi yake ni kupima yaliyo chini ya ardhi kabla hapajachimbwa, kwa kutumia mitetemo, usumaku, nguvu ya uvutano na umeme. Tunamwona anapokuja na leseni ya utafutaji, na leseni ikiisha tunamsahau. Hoja yangu ni kwamba mjiofizikia aliyepitia utafutaji wa nishati au madini, kisha akafanya utafiti, ndiye mwalimu anayehitajika zaidi katika vyuo vyetu, na nchi inapoteza mali kubwa kwa kutomwekea njia ya kufika darasani. Na darasa lenyewe lisiwe Dar es Salaam na Dodoma tu. Handeni na Korogwe zina karibu kila kitu cha kufundishia.

Tuanze na maji, maana Handeni na shida ya maji vimetajwa pamoja kwa miaka mingi. Miamba ya huko ni ya Ukanda wa Msumbiji, migumu, iliyopikwa kwa joto na mgandamizo zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Mwamba wa namna hiyo haufyonzi maji. Maji hukaa kwenye nyufa zake na kwenye tabaka lililooza juu yake. Ukikosea mahali kwa mita chache tu unaweza kuchimba mpaka fedha ziishe ukaambulia vumbi. Mpimaji anayejua kazi yake hupigilia vijiti vinne vya chuma katika mstari mmoja, akavuta nyaya kushoto na kulia, akapitisha umeme kwenye vijiti viwili vya nje na kusoma volti kwenye viwili vya ndani. Kisha anavisogeza vya nje mbali zaidi, mara nyingine zaidi ya mita mia moja kila upande, na kila anapovisogeza umeme unazama chini zaidi naye anasoma tena. Mwamba mkavu usio na ufa hukataa umeme, na kipimo chake hupanda hadi maelfu. Palipooza na kulowana hushuka hadi mamia au makumi. Mpangilio huo unaitwa Schlumberger, kwa jina la Conrad Schlumberger, Mfaransa aliyefundisha fizikia katika chuo cha madini cha Paris na ambaye mwaka 1912 alifanya majaribio yake shambani Normandy, akiwa na nia ya kutafuta madini. Mwaka 1927 kampuni yake ilishusha vipimo vya umeme ndani ya kisima cha mafuta huko Pechelbronn, Alsace, na shughuli za mafuta duniani zikabadilika. Mwalimu, mtafiti na mtafutaji walikuwa mtu mmoja, na njia aliyoianzisha ndiyo inayoamua leo kama kijiji cha Handeni kitapata kisima au shimo tupu.

Lakini vipimo hivyo vina mtego wake. Umeme hupita kirahisi kwenye mwamba wenye maji, na vilevile hupita kwenye mfinyanzi, kwenye maji ya chumvi na kwenye miamba yenye madini ya kinywe. Kwenye karatasi vyote hivyo vinaweza kufanana kabisa. Mhitimu aliyesoma kitabu peke yake ataona kipimo kimeshuka na kuandika kwenye ripoti kwamba maji yapo, pachimbwe. Mashine inaletwa, malipo yanafanyika, na kijiji kinapata tope au maji ya chumvi yasiyopikika hata maharage. Aliyefanya kazi kwenye utafutaji wa madini ameshadanganywa na kinywe na hatadanganyika tena kwa urahisi. Aliyetoka kwenye mafuta amezoea kutokiamini kipimo kimoja mpaka kingine kikithibitishe, kwa sababu kisima kimoja cha baharini kikikosewa ni mamilioni ya dola yaliyozama. Busara hiyo huwezi kuipata kwa kukariri kanuni. Hupatikana kwa kukaa karibu na mtu aliyekosea, akajua kwa nini alikosea, na sasa analipwa kueleza.

Dhahabu ya Handeni inatufundisha jambo hilohilo. Kwa muda mrefu Ukanda wa Msumbiji ulionekana si wa dhahabu ukilinganishwa na maeneo yanayozunguka Ziwa Victoria. Wachimbaji wadogo walitangulia kuonyesha vinginevyo, na karibu na mwaka 2010 kampuni ya Canaco ya Canada ikachoronga kilima cha Magambazi na kutangaza matokeo yaliyowashangaza wengi. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanasema takwimu za aina hiyo ni mali ya Serikali, na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, ndiyo mtunzaji wake. Ni sheria nzuri. Swali ni nani atazifungua na kuzisoma upya. Wizara ya Madini imekuwa ikieleza kwamba ni asilimia 16 tu ya nchi iliyopimwa kwa ndege kwa kiwango cha juu, na kwamba lengo ni asilimia 50 ifikapo 2030. Ndege zitaruka na ramani zitachapwa, lakini ramani ya usumaku asiyejua kuisoma huiona kama doa la rangi. Kila asilimia tunayoiongeza inadai wasomaji wapya, na wasomaji hao wanadai walimu.

Takwimu za zamani hazizeeki zikipata msomaji. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Amoco ilipima mitetemo katika bonde la Rukwa na mwaka 1987 ikachimba visima viwili, Ivuna na Galula. Haikupata mafuta, ikaondoka. Karibu miaka thelathini baadaye, mwaka 2016, watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walitangaza kuwapo kwa heliamu katika bonde hilohilo, na vipimo vya Amoco vikarudi mezani. Watanzania wamo katika utafiti wa namna hii. Gabriel Mulibo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Andrew Nyblade wa Marekani walichapisha mwaka 2013 uchambuzi wa mawimbi ya matetemeko unaoonyesha jinsi miamba ya joto kali ilivyo chini kabisa ya Afrika Mashariki. Serikali nayo iliwahi kuona thamani ya mtu aliyetoka kwenye kazi: mwishoni mwa 2014 ilimteua James Mataragio, mjiofizikia aliyekuwa akifanya kazi Marekani kwenye upimaji wa uvutano kwa ndege, kuliongoza Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC. Uteuzi wa namna hiyo ni mzuri, ila kiti cha Mkurugenzi Mkuu ni kimoja. Madarasa ni mengi.

Wapo watakaosema vyuo haviwezi kulipa mshahara wa kampuni ya mafuta. Ni kweli, wala haviombwi kulipa hivyo. Mtu wa kampuni anaweza kufundisha majuma machache kwa mwaka, na aliyestaafu ana miaka yote. Kikwazo kikubwa kuliko fedha ni utaratibu: vyuo vikuu vyetu humpima mhadhiri kwa GPA ya ujana wake na idadi ya machapisho, na miaka ishirini ya kusoma vipimo vya mitetemo haina mahali kwenye fomu. Katika udaktari hatufanyi hivyo. Pale Muhimbili daktari anayetibu asubuhi ndiye anayefundisha wanafunzi kando ya kitanda cha mgonjwa, na hakuna anayeona ajabu. Wengine watasema mafuta yana mwisho, dunia inahamia kwenye jua na upepo, kwa hiyo tusimwage fedha kwenye fani ya jana. Lakini jotoardhi la Ngozi mkoani Mbeya linatafutwa kwa vipimo hivyohivyo vya umeme na uvutano, na madini ya betri pia, kinywe kikiwa mojawapo. Fani haifi kwa kuwa bidhaa moja imepungua soko.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka Handeni yenyewe: maji yanaletwa kwa bomba kutoka Mto Pangani upande wa Korogwe, na mradi wa miji 28 unaojengwa kwa mkopo wa India umeigusa miji yote miwili, sasa visima vya nini? Nakubali kwamba kwa mji bomba ndilo jibu. Ila vitongoji vya Handeni vimetawanyika, wafugaji wanahama na mifugo yao, na kila kilomita ya bomba dogo la kuvifikia ina gharama ya kujenga, kusukuma maji na kukarabati. Kwa walio mbali na mkuza wa maji, kisima kilichopimwa vizuri kitabaki kuwa tegemeo kwa muda mrefu, na kisima kilichopimwa vibaya kitabaki kuwa deni la kijiji.

Basi tuanze na yanayowezekana mwaka huu. Halmashauri za Handeni na Korogwe zidai nakala ya ripoti ya upimaji wa kila kisima, vilivyotoa maji na vilivyotoka vikavu, kwa sababu kisima kikavu kina mafunzo mengi na ndicho kinachofichwa. Ripoti hizo zipelekwe GST, Chuo cha Maji, Chuo cha Madini Dodoma na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ziwe zana za kufundishia. Kila kampuni yenye leseni ya utafutaji katika wilaya hizi ipokee wanafunzi kwa mafunzo kwa vitendo, na mjiofizikia wake awafundishe yeye mwenyewe, asimwachie ofisa uhusiano. Walimu wa fizikia wanaoandaliwa Chuo cha Ualimu Korogwe wapelekwe kuona vijiti vinne na waya vikifanya kazi, wakawasimulie wanafunzi wa kidato cha pili kwamba umeme wanaousoma darasani ndio unaotafuta maji ya kijiji chao. Na Tume ya Vyuo Vikuu iweke cheo cha mhadhiri anayekubaliwa kwa uzoefu wa kazi. Nawaomba madiwani wa wilaya hizi mbili walipeleke suala la ripoti kwenye kikao chao kijacho cha baraza. Hilo halihitaji bajeti wala kibali cha mtu yeyote wa Dodoma.