Mtani Ni Yule Anayetanika

Wazee wetu walituachia onyo: mzaha mzaha hutumbuka usaha. Nililisikia tangu nikiwa mtoto wa chuoni, ubao mkononi, na kwa miaka mingi nikadhani wanatukataza kucheka. Sasa nimepita hamsini na nimefahamu kuwa hawakukataza. Wangekatazaje, nao wenyewe walikuwa hodari wa kuchekesha baraza nzima? Walichotaka ni tujue kwamba mzaha una sheria zake, na asiyezijua hujeruhi watu au hujeruhiwa yeye.

Ninalileta jambo hili leo kwa kuwa katika nchi yetu kicheko kimekuwa habari ya kurasa za mbele. Juni 2024 vijana walipoingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, silaha yao ya kwanza ilikuwa kejeli. Walimwita Rais William Ruto "Zakayo", kwa jina la yule mtoza ushuru wa Injili aliyepanda mkuyu. Mabango yao yalichekesha hata mbele ya moshi wa kutoza machozi. Tarehe 25 watu waliuawa kwa risasi na Bunge likavamiwa. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hautii sahihi mswada ule. Kisha, Desemba mwaka huo huo, Gideon Kibet, mchoraji ajulikanaye kama Kibet Bull, ambaye picha zake za vivuli vya kumkejeli Rais zilikuwa zimeenea mitandaoni, alitoweka, asionekane tena hadi Januari 2025.

Ni nani aliyemchukua si kazi ya ukurasa huu kuhukumu. Swali langu ni la mtu wa fasihi: mzaha una nguvu gani, hata wananchi wengi waamini mara moja, bila ya kushawishiwa na yeyote, kwamba kijana anaweza kutoweka kwa sababu ya picha?

Kwetu Pwani jibu limo katika neno utani. Babu humwita mjukuu wake wa kike "mke wangu", na mjukuu humjibu kuwa hamtaki mume asiye na meno. Wote hucheka, na hapana aliyevunjiwa heshima, maana mlango uko wazi pande zote mbili. Jirani zetu wa Tanzania wana utani wa kabila kwa kabila. Wazaramo na Wanyamwezi, waliokutana katika njia za misafara, ni watani wa siku nyingi. Mtani aweza kufika matangani akaigiza mwendo wa marehemu, au akazuia shughuli isiendelee mpaka apewe chochote. Mtu mwingine angefanya hivyo angepigwa. Yeye huvumiliwa, kwa sababu siku ya msiba wake nao watakwenda kumfanyia vivyo hivyo. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza: mtani ni yule anayetanika.

Ushairi wetu umesimama juu ya sheria hiyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika karne ya 19, aliutoa ushairi msikitini akaufikisha sokoni, na kejeli ilikuwa sehemu kubwa ya kazi yake. Zama hizo za uhasama wa Mombasa na Lamu, akirusha utungo alijua kwamba upande wa pili wako kina Bwana Zahidi Mngumi, watakaomjibu kwa bahari ile ile. Malumbano bila ya haki ya kujibu si malumbano.

Lakini wakubwa wengi hupenda nusu ya sheria tu. Hapa namkumbuka Abunuwasi, ambaye hekaya zake tulizisikia kabla hatujajua kusoma. Aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha pamoja na kisufuria kidogo ndani yake, akasema: "Sufuria yako ilikuwa na mimba, imezaa." Jirani akapokea, akashukuru. Mara ya pili Abunuwasi akaazima, asirudishe. Alipodaiwa akasema sufuria imekufa. Jirani akaja juu: sufuria hufaje? Naam, lakini alikwisha kubali kwamba huzaa!

Ndivyo walivyo wakubwa wetu. Mchekeshaji akiwachangamshia mkutano wa hadhara, au akimkejeli mpinzani wao, sufuria imezaa. Wanacheka na kutoa bahasha. Kejeli ikigeuka upande wao, wanauliza sufuria hufaje. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kundi la Redykyulass lilipoiga sauti ya Rais Moi naye angali madarakani, wengi wetu tulitazama mlango kwanza ndipo tukacheka. Nchi haikuanguka. Mmoja wa waigizaji wale, John Kiarie, alichaguliwa kuwa mbunge mwaka 2017, na sasa ni zamu yake kutaniwa na wapiga kura. Ndiyo sheria hiyo hiyo.

Sheria ya pili ni kwamba mzaha humlenga mtu kwa alitendalo, haumlengi kwa alivyoumbwa. Marehemu Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu, lakini taifa zima lilimjua kama Mzee Ojwang', mzee wa Kijaluo katika michezo ya "Vitimbi" na "Vioja Mahakamani". Katika nchi ambamo kabila limewahi kumwaga damu, Waluo na wasio Waluo walimpenda. Matamshi yake yalichekesha, lakini kilichotuweka mbele ya televisheni ni ubishi na ujanja wake, mambo ambayo kila mtazamaji alikuwa nayo nyumbani kwake.

Sheria hii ya pili niliivunja mimi mwenyewe, nami sina budi kujitia kizimbani. Katika ujana wangu mshairi mmoja alinikosoa hadharani kwamba mizani zangu zina kasoro. Alisema kweli. Kwa kuwa sikuwa na jibu la mizani, nilijibu kwa kigugumizi chake, nikautunga ubeti uliokwama-kwama kama ulimi wake. Ulisomwa barazani na watu wakatokwa na machozi kwa kucheka. Nilingoja jibu, halikuja, na nikajihesabu mshindi. Hakuandika tena.

Baada ya miaka mingi tulikutana sokoni kwenye samaki. Alinitolea salamu, akaniuliza hali za watoto wangu, kisha akasema: "Ustadhi, ulinishinda kwa jambo nisiloweza kulijibu." Maneno hayo yalimchukua muda mrefu kuyatoa, nami nilisimama pale na kikapu changu mpaka alipomaliza. Surat al-Hujurat, inayokataza watu kuwadharau wenzao ambao huenda ni bora kuliko wao, nilikuwa nimeihifadhi utotoni. Siku ile ndiyo niliyoifahamu.

Kwa sheria hizi mbili, msomaji, tuupime mzozo wa leo. Jina la Zakayo lilihusu kodi, na kodi ni tendo. Aliyeitwa hivyo ana vipaza sauti vya nchi nzima vya kujibia, na aliwahi kulitaja jina hilo mwenyewe hadharani kwa kucheka. Huo ni utani halali. Zile picha zilizomwonyesha kiongozi ndani ya jeneza mimi sikuzipenda. Kumtakia mtu mauti si kumtania. Lakini tungo hujibiwa kwa tungo, na aliyevunja sheria ya nchi hupelekwa mahakamani mchana, watu wakiona. Anayejibu picha kwa kumpoteza mchoraji amefanya nilivyofanya mimi, tena kwa ubaya usiokadirika: amemnyamazisha mwenziwe mahali ambapo hawezi kujibu.

Nao vijana wetu wanaochekesha katika simu wasidhani mizani hii ni ya wakubwa pekee. Wanaomwigiza kiwete, wanaotafuta kicheko kwa lafudhi ya Mpwani kana kwamba lafudhi ni uvivu, na yule mfawidhi wa harusi anayemfanyia shere hamali aliyebeba viti, wajiulize: huyu ninayemcheka anaweza kunijibu? Ikiwa hawezi, basi hapo hapana mtani.

Yule mshairi mwenzangu nilimwomba radhi pale pale sokoni. Alinisamehe, akaniambia kwamba hata leo mizani zangu zina kasoro. Tulicheka sote wawili.