Kabla ya tingatinga, leteni leza Nyeri

Pita Nyeri mjini leo, kuanzia Kamakwa hadi Ruring'u, uone mabati ya kuzungushia ploti na milima ya kokoto. Ghorofa zinaota kama uyoga, na mimi sina shida nazo, wasee wanahitaji keja. Shida yangu ni kile kinachobomolewa kwanza. Nyumba ya mawe iliyosimama tangu ukoloni inaweza kuangushwa asubuhi, jioni ikawa kifusi, na hakuna aliyechukua vipimo vyake.

Na vifaa vipo. Skana ya leza inakaa juu ya miguu mitatu, inarusha mwanga na kupima muda unaochukua kugonga ukuta na kurudi. Inarudia hivyo maelfu ya mara kwa sekunde moja, hadi jengo lote linaingia kwa kompyuta kama wingu la nukta, ufa na mlango kila kimoja mahali pake. Mkandarasi anaitumia kujua kama nguzo zimesimama wima. Mtu wa historia anaitumia kwa sababu moto hautoi notisi.

Waulize Waganda. Makaburi ya Kasubi, Kampala, wanakolala Makabaka, yaliteketea Machi 2010. Bahati ni kwamba yalikuwa yamepimwa kwa leza 2009. Sisi? Treetops ya kwanza, alikolala Elizabeth usiku ambao babake alifariki, Februari 1952, ilichomwa 1954 wakati wa vita vya Mau Mau. Tumebaki na picha.

Utaniambia hiyo ni historia ya mzungu, na Paxtu ya Baden-Powell pale Outspan pia ni ya mzungu, kwa nini tuililie? Sawa. Basi tuanze na yetu.

Wakati wa Hali ya Hatari watu wetu walisukumwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa mitaro, kisha wakalazimishwa kuchimba handaki refu ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya ili wapiganaji wakose chakula. Kama guka au shosho wako bado yuko, muulize. Handaki likijaa udongo na vichaka, macho hayalioni tena. Lakini droni yenye leza inarusha miale mingi sana, na mingine inapenya katikati ya majani hadi chini kabisa. Ndivyo watafiti walivyoona maelfu ya majengo ya Wamaya chini ya msitu wa Guatemala. Mianzi ya Aberdare ni mizito, najua, ila hatujashindwa bado, kwa sababu hatujajaribu.

Miaka hiyo hiyo ndiyo mashamba yaliunganishwa na taito zikaanza kutolewa, wengine wakiwa bado kizuizini. Ramani zikafuata ua. Hadi leo Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inasema ramani inaonyesha mipaka kwa makadirio tu, isipokuwa ile iliyopimwa na kusajiliwa kama mipaka kamili. Itoka iking'olewa usiku, ndugu wanafikishana kwa msajili wa ardhi. Kwa hivyo usiniambie upimaji ni mchezo wa matajiri.

Ninachotaka ni kidogo: kaunti isitoe kibali cha kubomoa jengo la kabla ya 1963 bila kulipima kwanza. Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kina taasisi ya jiomatiki hapa hapa Nyeri, na wanafunzi wanaotafuta kazi ya mikono. (Mimi niliacha chuo, kwa hivyo sijipigii debe.) Nakala zikae hapo na kwa Makumbusho ya Taifa, si kwa seva ya mtu ng'ambo. Na kupima kusigeuzwe ruhusa ya kubomoa. Kuna majengo yanayostahili kubaki, period.

Kaunti ikisema haina doo, iPhone za Pro tangu ile ya 12 zina leza ndogo ndani. Haifikii ile ya serveya, lakini chumba kizima inakichora kwa dakika chache. Wenye nazo mko wengi, nawaona Skuta kila wikendi. Ombeni ruhusa ya mwenye nyumba, zungukeni polepole, na muweke nakala mbili kabla ya kuposti.